Mbegu na Udongo

Mwaka wa tatu baada ya kukatwa titi, marehemu mke wangu alianza kulalamika mgongo. Nilimwambia ni jembe na umri. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mtu aliyezoea kuwa na jibu. Kumbe saratani ilikwisha hamia katika uti wa mgongo. Tangu nimzike, swali moja limenikalia: kwa nini mifupa?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichambua kumbukumbu za wagonjwa 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Ini lilikuwa limeshambuliwa mara 241, bandama mara 17 tu. Kama mkondo wa damu ndio unaoamua peke yake, mbona tofauti ni kubwa hivyo? Paget alifananisha saratani na mmea: mbegu zake hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapozikubali.

Miaka ya 1920, James Ewing wa Marekani alisema njia ya damu yatosha kueleza yote. Hakukosea kabisa, kwani damu itokayo kwenye utumbo mpana hupitia ini kwanza, na huko ndiko saratani ya utumbo huo hupenda kuhamia. Wengi walimfuata, na hoja ya Paget ikawekwa kando. Mwaka 1980 Ian Hart na Isaiah Fidler waliifufua. Walipandikiza vipande vya pafu, ovari na figo katika misuli ya panya, kisha wakaingiza seli za saratani ya ngozi katika damu. Seli zilifika kote. Uvimbe uliota kwenye pafu na ovari, si kwenye figo.

Na mifupa? Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli za saratani ya titi zikifika humo huchochea ubomoaji, na mfupa unapovunjwa huachia kemikali za ukuaji zilizohifadhiwa ndani yake. Hizo huwa mbolea kwa saratani. Leo zipo dawa za kupunguza ubomoaji huo.

Ndugu msomaji, mtu aliyewahi kutibiwa saratani akilalamika maumivu mapya yasiyokwisha, mpeleke hospitali. Usimpe jibu nililotoa mimi.