Ndui ya kondoo na mbuzi (jenetiki)

Ndui ya kondoo na mbuzi husababishwa na virusi vya jenasi ya Capripoxvirus, ambayo ina spishi tatu tu: ya kondoo, ya mbuzi, na ya mapele ngozi ya ng'ombe. Mnyama hupata homa na makamasi, kisha vinundu vigumu hutokeza penye manyoya machache: midomoni, kwapani, chini ya mkia. Mfugaji wa Butembo au Beni asiichanganye na ugonjwa wa orf, unaotoa magamba midomoni. Kirusi cha orf ni cha jenasi nyingine.

Jenomu ni DNA ya nyuzi mbili, yenye jozi za besi zipatazo 150,000. Spishi hizo tatu zinafanana kwa takriban asilimia 96 au zaidi, na vipimo vya kingamwili katika damu haviwezi kuzitenganisha. Tofauti ni ndogo lakini nzito: jeni 9 za kirusi cha ng'ombe zimeharibika katika vile vya kondoo na mbuzi. Katika jeni ya RPO30, kirusi cha kondoo kimepungukiwa na herufi 21, alama inayotumiwa na maabara kukitambua.

Kisa cha Kenya ndicho funzo kuu. Kirusi cha aina ya O-240 kilitumiwa kutengeneza chanjo ya kondoo na mbuzi. Uchunguzi wa jeni baadaye ulionyesha kwamba ni kirusi cha mapele ngozi, kisichodhoofishwa vya kutosha kwa ng'ombe. Kwa hiyo, kabla ya kuchanja ng'ombe, uliza chanjo imetokana na aina gani.