Neno «mtu» katika historia ya Jimbo Kuu la Lubumbashi



Kila Dominika, hapa Katoto kama katika parokia nyingine zote za Kamina, tunamtaja askofu wetu katika Sala ya Ekaristi. Jimbo letu ni moja ya majimbo saba yaliyounganishwa na Jimbo Kuu la Lubumbashi, pamoja na Kalemie-Kirungu, Kilwa-Kasenga, Kolwezi, Kongolo, Manono na Sakania-Kipushi. Majina ya maaskofu wakuu tunaweza kuyakariri kwa mpango, kama wanafunzi wanavyokariri majina ya mito. Lakini orodha ya majina si historia bado. Tukiitafakari vizuri, tunakuta swali moja likirudi katika kila kizazi: Mkongomani anapoingia kanisani, anatazamwa kuwa nani?

Tarehe 5 Agosti 1910 Roma ilianzisha Prefektura ya Kitume ya Katanga, ikaikabidhi kwa Wabenedikto wa monasteri ya Saint-André ya Bruges, nchini Ubelgiji. Aliyewekwa kuiongoza ni Jean-Félix de Hemptinne. Mwaka 1932 alipewa daraja la uaskofu, naye akaendelea kuiongoza Katanga mpaka kufa kwake tarehe 6 Februari 1958. Ni karibu miaka 48. Tunamshukuru Mungu kwa kazi iliyofanyika katika miaka hiyo: misioni, shule, zahanati, na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo ambalo lingali likikusanya waamini mjini Lubumbashi.

Hata hivyo, ukweli hautaki kufunikwa. Wakati ule misioni ilitembea bega kwa bega na serikali ya kikoloni na kampuni ya Union Minière. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waliogoma wakidai mshahara bora walipigwa risasi Elisabethville, na makumi wakafa. Kwa wengi wa wazee wetu ilikuwa vigumu kutenganisha msalaba na bendera. Walifundishwa kwamba wana roho ya kuokolewa, lakini mara chache waliulizwa wao wenyewe wanafikiri nini.

Upande wetu wa magharibi ulikuwa umekwisha kukabidhiwa kwa Wafransisko mwaka 1922, kwa jina la Prefektura ya Lulua na Katanga ya Kati. Katika shirika hilo alikuja, mwaka 1933, Padre Placide Tempels. Alifundisha kwanza kama wenzake, kisha akagundua kwamba mafundisho yake hayashuki moyoni mwa wasikilizaji. Ndipo alipoketi na Waluba akawasikiliza: habari za uhai, za nguvu, za uzazi, za ukoo, za wafu wanaoendelea kuwa karibu nasi. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville. Kiini chake kilikuwa rahisi, nacho kiliwachoma wengi: hawa tunaowafundisha ni watu wenye fikra kamili.

Mhashamu de Hemptinne alikipinga kitabu hicho kwa nguvu. Mwaka 1946 Padre Tempels alirudi Ubelgiji, na hakuonekana tena Kongo mpaka 1949. Baadaye, katika miaka ya 1950, alifanya utume kati ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, na hapo ikazaliwa Jamaa. Mume na mke walikaa pamoja, wakasali pamoja, wakajifunza kupendana na kusemezana kama watu walio sawa. Na padre aliketi nao kama ndugu. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu walilazimika kuweka mipaka. Lakini sisi walei wa vyama vya leo, tukijua au tusijue, tunakaa katika kivuli cha mti ule.

Tarehe 10 Novemba 1959 Papa Yohane XXIII aliweka rasmi hierarkia ya Kanisa katika Kongo. Elisabethville ikawa jimbo kuu, na Kamina ikawa jimbo. Askofu Mkuu wa kwanza, Floribert Cornelis, Mbenedikto naye, alipokea kundi wakati wa dhoruba: uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye kujitenga kwa Katanga, kulikodumu mpaka Januari 1963. Tarehe 1 Januari 1962 wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari huko Kongolo. Damu yao inatukumbusha kwamba si kila mgeni alikuja kutawala.

Mwaka 1967 alichaguliwa Eugène Kabanga, mwana wa Kongo. Mwaka 1971 serikali ilianza kubadili majina ya nchi na ya watu. Mwishoni mwa 1974 ikazichukua shule zetu, zikarudishwa chini ya uongozi wa Kanisa kwa mapatano ya 1977. Katikati ya miaka hiyo ya hofu, mwaka 1976, Askofu Mkuu Kabanga alitoa barua ya kichungaji yenye jina linalomaanisha «Mimi ni mtu». Alikemea kiu ya fedha, na desturi ya kila mwenye mamlaka kidogo kumkamua asiye nayo. Neno ambalo Mfransisko alilipokea kwa kusikiliza vijijini, sasa lilitamkwa na askofu mweusi mbele ya wakubwa wa nchi yake.

Baada yake, mwaka 1998, alikuja Floribert Songasonga Mwitwa, aliyekuwa askofu wa Kolwezi. Kisha, mwaka 2010, Jean-Pierre Tafunga, Msalesiani, aliyefariki mwaka 2021. Na mwaka huohuo Fulgence Muteba, kutoka Kilwa-Kasenga, ambaye mwaka 2024 alichaguliwa kuongoza Baraza la Maaskofu la Kongo. Tangu 1998, basi, kila askofu mkuu amekwisha kuchunga jimbo dogo kabla ya kupewa kubwa.

Wazee wetu husema: mtu ni watu. Barua ya 1976 haikuwahusu mawaziri peke yao. Mwalimu anayedai kitu kwa mzazi ili mtoto apasishwe, katekista anayechelewesha ubatizo wa mtoto wa maskini kwa sababu ya mchango, kiongozi wa jumuiya asiyewapa wanawake nafasi ya kusema: nao wanahusika. Ni sisi. Basi katika mkutano ujao tuulizane bila kuoneana haya: ni nani kati yetu, hapa Katoto, ambaye hatujamsikiliza bado? Tukishamtaja, twende kwake, tukaketi.