Lugha ya ofisini ilipopelekwa maabara

Wiki hii nimekuwa nikipekua historia ya lugha moja ya tarakilishi ambayo sisi wa rika langu hatukuikuta chuoni: BPEL. Ilitolewa mwaka wa 2002 na IBM, Microsoft na BEA, kwa kuunganisha lugha mbili zilizokuwa zikishindana, WSFL ya IBM na XLANG ya Microsoft. Kazi yake ilikuwa kuziunga huduma za mtandaoni zifanye kazi kwa mpango: pokea oda, uliza bei, lipisha, jibu. Mambo ya biashara.

Kufikia mwaka wa 2005 (mimi niko darasa la pili!) Wolfgang Emmerich na wenzake wa University College London walikuwa wameijaribu kwenye gridi, yaani tarakilishi nyingi za taasisi mbalimbali zinazogawana kazi. Walitaka kutabiri molekuli moja inaweza kuwa fuwele za maumbo gani. Si jambo dogo hilo. Mwaka wa 1998 dawa ya UKIMWI, ritonavir, ilizuka na fuwele za umbo jipya zisizoyeyuka vizuri, na kapsuli zake zikaondolewa sokoni.

Tatizo la lugha lilikuwa idadi. Katika BPEL toleo la 1.1, matawi ya kazi zinazokwenda sambamba uliyaandika yote mapema, moja moja. Mwanasayansi naye hajui kama anahitaji matawi kumi au elfu mpaka programu ianze kukimbia. Njia ya kukwepa ilikuwa kitanzi kinachoita mchakato mwingine bila kusubiri jibu, kisha majibu yakusanywe baadaye. Inafanya kazi, ila kuisoma ni adhabu. Dawa halisi, forEach ya sambamba, ilikuja na toleo la 2.0 mwaka wa 2007.

Halafu kuna data. Ujumbe wa oda ni mdogo. Faili la matokeo ya sayansi ni zigo. Afadhali upitishe anwani ya faili, si faili lenyewe. Mimi nililijua hili baada ya kuangusha seva kazini.

Kule Manchester waliunda Taverna na lugha yao, Scufl: ukiipa huduma orodha pale inapotarajia kitu kimoja, inarudia yenyewe kwa kila kimoja. Kwangu mimi hao ndio waliomwelewa mtumiaji. Hata hivyo Taverna, iliyohamia Apache mwaka wa 2014, ilistaafishwa mwaka wa 2020.