Kijiji cha Ng'ambo ya Mto

Mwaka 1994 nilivuka mto Nass kwa miguu, juu ya daraja la kuning'inia, na sioni haya kukiri kwamba nilishikilia kamba za chuma kwa mikono miwili. Mzee mwenyeji wangu alitangulia na mfuko wa unga begani, akienda kama mtu avukaye ua wa nyumba yake. Daraja lile lilijengwa mwaka 1969. Kabla ya hapo watu wa Gitwinksihlkw walivuka kwa mashua, na majira ya baridi walitembea juu ya barafu. Daraja la magari lilifunguliwa mwaka 1995, baada ya safari yangu.

Gitwinksihlkw ni kimoja kati ya vijiji vinne vya Wanisga'a katika bonde la Nass, kaskazini-magharibi ya jimbo la British Columbia, Kanada. Maana ya jina hilo ni watu wa mahali pa mijusi. Nilipouliza mijusi wako wapi, mzee alinyosha kidole ng'ambo tulikotoka. Huko ni mawe meusi matupu, kama shamba lililolimwa na jitu kisha likaachwa.

Basi akanisimulia. Zamani watoto walichezea samaki aina ya salmoni, wakawachoma vijiti vya moto migongoni na kucheka. Wazee waliwakanya, hawakusikia. Ndipo mlima ukalipuka. Uji wa moto ukashuka bondeni, ukafunika vijiji, ukausukuma mto mpaka upande wa pili wa bonde. Walikufa watu 2,000.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba historia huanzia palipo na hati. Kwa hiyo niliyaandika maneno ya mzee katika daftari langu chini ya kichwa "Ngano".

Jioni alinipa salmoni mkavu na mafuta ya saak. Hao ni samaki wadogo waingiao mtoni kutoka baharini baridi inapoelekea kwisha, wakati ghala zilipokuwa tupu. Wana mafuta mengi hata mmoja akikaushwa huwaka kama mshumaa. Zamani mafuta hayo yalibebwa milimani hadi kwa watu wa bara, na njia zake zilijulikana mbali. Harufu yake ni kali. Nilimeza kwa adabu.

Baadaye nilisoma kazi za wanajiolojia. Wanakadiria kwamba mlima ule, Tseax, ulilipuka karibu na mwaka 1700, na wanakubali kwamba lava iliusogeza mto. Yale niliyoyaita ngano yalikuwa yamehifadhiwa karibu miaka 300 bila karatasi.

Watu hao waliwahi kuulizwa hati mara nyingi. Mwaka 1887 machifu walikwenda Victoria kudai ardhi yao, wakafukuzwa. Mwaka 1913 walipeleka ombi London. Tangu 1927 hadi 1951 sheria ya Kanada ilikataza hata kuchangisha fedha kwa ajili ya madai kama hayo. Frank Calder na wenzake walifika Mahakama Kuu ya Kanada, na mwaka 1973 kesi ikaanguka. Ajabu ni kwamba majaji sita kati ya saba walikubali kuwa haki ya wenyeji juu ya ardhi ilikuwapo kabla ya wageni. Waligawanyika tatu kwa tatu juu ya kama ilikwisha kufutwa. Serikali ikalazimika kukaa mezani. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2000, na Wanisga'a wakapata kiasi cha kilomita za mraba 2,000.

Nilipokuwa nikisoma hayo nilimkumbuka bibi yangu, kule Rufiji. Alikuwa akinionyesha katikati ya maji na kusema makaburi ya wazee wake yako pale, kwa kuwa mto umehama. Alitaja majina yao mmoja mmoja. Nilikuwa nimesoma, kalamu ninayo, wala sikuandika hata jina moja.

Mwaka 1996 nilikwenda kumwona mjomba, ndiye pekee aliyebaki katika rika lile. Tulikaa ukingoni tangu alasiri hadi magharibi. Alikumbuka majina mawili.