SOMO LA HISTORIA KWA REDIO: MAJI YA HOLA

Kila mmoja ashike penseli na karatasi, maana leo tunaanza na fumbo la maneno, kama yale yanayochapwa magazetini kila siku.

Chora vijumba vinne. Katika cha kwanza andika M, cha pili A, cha tatu kiache wazi, cha nne andika I. Swali ni hili: Kitu chenye thamani. Najua wengi mmekwisha andika MAJI. Neno hilo linaenea, na maji yana thamani kweli. Lakini ngojeni. Liko neno jingine linaloshuka kutoka juu, nalo linapita katika kile kijumba cha wazi. Maana yake ni kutia chakula kinywani na kukimeza: KULA. Herufi yake ya tatu, yaani L, ndiyo inayoangukia pale. Basi jibu si MAJI, ni MALI.

Shikeni jambo hili: haitoshi jibu kuenea katika vijumba. Lazima lipatane na maneno yanayolikata.

Sasa twende Hola, karibu na mto Tana, nchini Kenya. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado koloni la Waingereza. Huko Hola palikuwa na kambi ya watu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wengine walikataa kufanya kazi waliyoamriwa. Tarehe 3 Machi 1959, watu 85 walitolewa kwa nguvu wakachimbe mifereji ya maji ya shamba. Siku ile walikufa watu, na hesabu ya mwisho ilikuwa maiti 11.

Wamekufaje? Serikali ilitoa taarifa. Ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji. Tazama, jibu ni lile lile: MAJI! Nalo lilienea, kwa kuwa Hola ni mahali pa joto kali.

Lakini tutafute maneno yanayolikata jibu hilo. Neno la kwanza lilikuwa ndani ya taarifa yenyewe: ilisema maji hayo yalitumiwa na kundi zima, hata na askari waliowalinda. Je, mbona askari hawakufa? Neno la pili lilikuwa katika maiti. Madaktari walipozipasua waliona alama nyingi za mapigo. Neno la tatu lilitoka kwa wale waliopona, wengi wao wakiwa na majeraha.

Baadaye hakimu alichunguza vifo hivyo, naye akaona kwamba watu hao hawakuuawa na maji. Waliuawa kwa kupigwa. Tarehe 27 Julai 1959 jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza hadi usiku wa manane, na hata Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, aliilaumu serikali. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa mahakamani kwa mauaji hayo. Mwaka 2013 ndipo Serikali ya Uingereza ilipoeleza masikitiko yake kwa mateso ya zama zile, ikakubali kuwalipa Wakenya zaidi ya 5,000.

Wanafunzi, sisemi kwamba kila taarifa ya serikali ni uwongo. Anayefuta kila neno hamalizi fumbo, sawa na yule anayeandika neno la kwanza linalomjia. Uliza: nani alikuwapo? Mwili unasema nini? Je, maneno yanapatana? Watu 11 walikaribia kuandikwa kwamba wameuawa na maji. Jina la haki la kifo chao lilipatikana kwa sababu watu waliuliza.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Taarifa ya kwanza ilisema watu wa Hola walikufa kwa sababu gani?
2. Taja mambo mawili yaliyoonyesha kwamba taarifa hiyo si kweli.
3. Waulize wazee wa kwenu juu ya msiba mmoja wa zamani. Je, masimulizi yao yanapatana?

Kwaherini, hadi somo lijalo.