Ol Doinyo Lengai: mlima wa magadi na majivu

Mchana, lava ya Ol Doinyo Lengai haitishi. Inachuruzika kutoka kwenye vichuguu vilivyosimama ndani ya kreta ikiwa nyeusi au kahawia iliyokolea, nyepesi kama oili ya gari, na mgeni aliyezoea picha za mito ya moto ya Hawaii anaweza kudhani anatazama tope. Wekundu wake hafifu huonekana usiku tu. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Lakini asidanganyike mtu. Mwaka 2007 mpagazi mmoja alitumbukia humo akaungua vibaya miguu na mkono. Alipona, na si volkano nyingi ambako mtu angetoka hai.

Ikishapoa, haikai nyeusi muda mrefu. Unyevu wa hewa huigeuza kijivu, kisha nyeupe, na baada ya siku kadhaa huwa ganda laini linalovunjikavunjika chini ya kiatu. Ndiyo maana kilele, kinachokaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari katika Wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, huonekana kwa mbali kana kwamba kimeangukiwa na theluji. Hakuna volkano nyingine duniani iliyowahi kushuhudiwa ikimwaga lava ya aina hii.

Wataalamu huiita natrokabonatiti. Lava nyingine hujengwa na silika. Hii karibu haina silika kabisa. Sehemu yake kubwa ni sodiamu kaboneti, ile ile iliyomo kwenye magadi ambayo watu hutia kwenye makande ili maharage yalainike upesi. Madini mawili makuu yanayoiunda yamepewa majina ya watu: nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriiti kwa heshima ya John Walter Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. Sijui Watanzania wangapi wanafahamu kwamba Mwalimu ana jina kwenye orodha ya madini ya dunia. Nyerereiti yenyewe, mvua ikinyesha, haidumu.

Kwa miongo kadhaa wanajiolojia hawakukubaliana kama kitu cha namna hii kinawezekana. Mwaka 1921 W. C. Brøgger alieleza miamba ya Fen huko Norway, iliyojaa kaboneti kama chokaa, akasema asili yake ni magma. Wakubwa wa fani hiyo, Norman Bowen akiwa mmoja wao, walipinga. Chokaa haiyeyuki kirahisi hivyo, walisema; lazima maji ya moto ndiyo yaliyoibadilisha miamba mingine. Wakati huo wote magadi meupe yalikuwa yametanda juu ya Lengai, na watu waliofika waliyaona bila kutambua kwamba yalitoka tumboni mwa mlima yakiwa lava.

Ubishi ulikatwa mwaka 1960. Barry Dawson, mwanajiolojia Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, alishuka ndani ya kreta na kuiona lava yenyewe ikitiririka. Vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba ni kaboneti ya sodiamu, na taarifa yake ikachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1962. Mwaka ule ule wa 1960, Frank Tuttle na Peter Wyllie walionyesha maabarani kwamba kaboneti ya kalsiamu ikiwa na maji chini ya mgandamizo huyeyuka kwa joto dogo kuliko ilivyodhaniwa. Baada ya hapo kilichobaki ni kueleza tu inavyotokea. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba chini ya Bonde la Ufa, ambako gamba la dunia linavutwa na kuwa jembamba, huyeyuka kiasi kidogo cha mwamba chenye kabonidioksidi na sodiamu nyingi. Magma hiyo ikipanda na kupoa hujigawa kuwa mbili, ya silika na ya kaboneti, zisichanganyike tena.

Kwa maoni yangu, sifa ya lava hiyo imeufunika mlima wenyewe. Lengai ulianza kujengwa kiasi cha miaka 370,000 iliyopita, kati ya wazee wake waliokwisha kuzimika kama Gelai, Kitumbeine na Kerimasi, na sehemu kubwa ya mwili wake ni miamba ya silika na majivu yaliyogandamana. Lava ya magadi ni sehemu ndogo tu, na mvua huiosha. Kinachobaki, tena mbali na mlima, ni majivu.

Majivu hayo yameandika mengi. Kusini mwa Ziwa Natron, karibu na kijiji cha Engare Sero, tope la majivu lililosombwa na maji kutoka mlimani liliwahi kukanyagwa na watu, likakauka na kuwa gumu. Nyayo zaidi ya 400 zimehesabiwa, za wakati fulani kati ya miaka 19,000 na 5,700 iliyopita. Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2020 walitambua kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na kwa vipimo vya nyayo wanaamini 14 kati yao walikuwa wanawake. Pengine walikuwa wakitafuta chakula. Vidole vinaonekana.

Upepo wa mashariki nao umebeba majivu ya Lengai na ya Kerimasi hadi kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti. Chini ya udongo wa majivu hayo limejitengeneza tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi, na juu yake huota nyasi fupi zenye madini ambayo nyumbu huyafuata kila mwaka wakati wa kuzaa. Karibu na Olduvai kuna tuta la mchanga mweusi wa volkano lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo husukumwa na upepo kidogo kidogo kuelekea magharibi.

Taarifa za kuandikwa zinaanza na Mjerumani Gustav Fischer, aliyeona moshi kileleni mwaka 1883. Milipuko mikubwa ilifuata mwaka 1917, kisha 1940 hadi 1941. Mwezi Agosti 1966 mlima ulilipuka tena, na majivu yakafika Seronera, ndani ya Serengeti, yapata kilomita 130 magharibi. Kwa Wamaasai huu ni mlima wa Engai, Mungu wao, na wanawake wanaotafuta mtoto huenda kuomba chini yake. Lakini majivu yakiangukia malisho, ng'ombe huugua na kufa, na wenye mifugo huhama.

Tangu 1983 ikawa zamu ya lava ya utulivu. Iliijaza kreta polepole hadi ikaanza kumwagika ukingoni mwaka 1998, na watalii wakazoea kupanda usiku ili alfajiri wawe juu. Julai 2007 ardhi ikaanza kutetemeka. Tetemeko la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika hadi Nairobi. Wanasayansi walilihusisha na magma iliyojipenyeza kwenye nyufa chini ya Gelai, jirani aliyezimika. Tarehe 4 Septemba Lengai wenyewe ukalipuka. Milipuko iliendelea hadi Aprili 2008, familia zikahama na mifugo yao, na uwanda wa lava uliojengeka kwa miaka 24 ukatoweka. Mahali pake pakabaki shimo lenye kina cha zaidi ya mita 100.

Lava ilirudi chini ya shimo hilo baadaye, nyeusi ile ile, na vichuguu vipya vimeota. Tangu 2016 Chuo Kikuu Ardhi na Virginia Tech ya Marekani, pamoja na washirika wengine, wamekuwa wakifunga vifaa vya kupima mienendo ya mlima kwa setilaiti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2013 na 2023 eneo la kileleni lilikuwa likititia kwa sentimita 3.6 kila mwaka, na watafiti wanadhani chanzo ni hifadhi ya magma inayopungua, isiyozidi kilomita moja chini ya kreta.