Kobla ya Pichi na Walioipika

Mwaka 1881, katika mji wa San Francisco, Marekani, kilipigwa chapa kitabu cha mapishi ambacho mtungaji wake hakujua kusoma wala kuandika. Mtungaji huyo aliitwa Abby Fisher. Alizaliwa South Carolina zamani za utumwa, na mama yake alikuwa mtumwa. Alipohamia California alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wengi na sifa kubwa ya jikoni. Achari zake na matunda yake ya kuhifadhiwa vilipata medali katika maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1880. Wateja na rafiki zake wakamsihi ujuzi huo utiwe kitabuni. Akakaa, akasema, nao wakaandika. Mapishi yapatayo 160 yalikusanywa kwa njia hiyo, na mojawapo ni kobla ya pichi.

Kobla ni ndugu wa pai, lakini ndugu asiye na maringo. Matunda hukatwa, hutiwa sukari, humiminwa katika bakuli lenye kina, kisha hufunikwa kwa unga uliokandwa na kuokwa mpaka juu pageuke rangi ya dhahabu na maji ya matunda yatokote pembeni. Pichi lenyewe, ambalo kamusi zetu za zamani huliita pia fyulisi, si geni kwa wanafunzi wanaotoka katika nyanda za juu za Kenya zenye baridi. Ganda lake lina malaika kama shavu la mtoto, nyama yake ni ya manjano au nyeupe, na katikati limo kokwa moja gumu lenye makunyanzi.

Asili ya tunda hili ni China. Katika mahali paitwapo Kuahuqiao, jimbo la Zhejiang, wachimbaji wa mambo ya kale walipata makokwa yake yenye umri wa miaka ipatayo 8,000. Kutoka huko lilisafiri magharibi mpaka Uajemi, na Warumi, walipolipokea kwa njia ya Waajemi, waliliita tofaa la Uajemi. Kosa hilo limo mpaka leo katika jina lake la kitaalamu, Prunus persica. Wahispania wakalivusha bahari katika karne ya 16, wakalipanda Marekani.

Hapo jambo la ajabu likatokea. Wenyeji wa nchi ile walilipenda tunda hili, wakalipanda, wakapeana makokwa kijiji kwa kijiji, likaenea bara kwa kasi kuliko Wazungu walioleta mbegu yake. William Penn, mwasisi wa Pennsylvania, aliandika mwaka 1683 kwamba mashamba ya wenyeji yalikuwa na mapichi tele. Wageni wengi walidhani mti ule ni wa nchi ile tangu kuumbwa.

Na kwa kuwa mipichi ilikuwa mali ya wenyeji, ilipatwa na yaliyowapata wenyewe. Mwaka 1779, katika vita vya uhuru wa Marekani, George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan kuiharibu nchi ya mataifa ya Iroquois waliosimama upande wa Waingereza. Askari waliteketeza vijiji na mahindi, wakaikata miti ya matunda, mipichi ikiwamo. Mwaka 1864 yakatendeka hayo hayo katika bonde la Canyon de Chelly, Arizona. Wanavajo walikuwa na mashamba ya mipichi chini ya majabali ya bonde lile. Jeshi, ambalo kamanda wake alikuwa Kit Carson, liliwafukuza watu wakatembea kwa miguu mamia ya kilomita hadi kambi ya Bosque Redondo, na mipichi yao ikakatwa kwa maelfu. Shamba la mahindi likichomwa, mwenye shamba aweza kupanda tena masika yajayo. Lakini anayekata mti wa matunda hukata pamoja nao miaka ya jasho. Wanavajo waliporudi kwao kwa mkataba wa mwaka 1868, walianza tena kupanda mipichi.

Sasa tuutazame upishi wenyewe. Walowezi waliotoka Uingereza walikuja na ustadi wa kupika pai na pudingi, lakini walowezi wengi hawakuwa na tanuri. Katika miaka ya 1840 na baadaye, waliposafiri kuelekea magharibi kwa magari ya kukokotwa na maksai, jiko lao lilikuwa moto wa nje, na chombo chao kikubwa kilikuwa chungu cha chuma cha kusubu, chenye miguu mitatu mifupi na kifuniko chenye ukingo. Makaa ya moto huwekwa chini ya chungu na mengine juu ya kifuniko. Ukingo huyazuia yasianguke. Kiswahili kina neno moja kwa kazi hiyo, nalo ni kupalia. Mama wa pwani apaliaye wali wake kwa makaa juu ya kifuniko angalielewa mara moja maarifa ya wasafiri wale, bila kufasiriwa. Njiani walitumia zaidi matunda yaliyokaushwa, kwa kuwa mabichi huoza upesi. Kobla ya matunda mabichi ilikuwa ya wale waliokwisha kutulia, wakaingoja miti yao mpaka ikazaa.

Jina la kobla lilikuwamo kitabuni tayari mwaka 1839. Mwaka huo Lettice Bryan alitoa kitabu cha mapishi cha Kentucky, akaeleza jinsi ya kupika pai ya pichi ya chunguni, ambayo, kwa maelezo yake, watu wengi waliiita kobla. Alisema kuwa si pai ya fahari ya kuwaandalia wageni, lakini kwa watu wa nyumbani ni nzuri sana. Twamshukuru kwa kuandika. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa, na katika nyumba za wenye mali aghalabu bibi ndiye aliyeshika kitabu na mjakazi ndiye aliyeshika mwiko. Mjakazi alikanda, alipalia, alionja, alijua kwa harufu kuwa ganda limeiva. Na jina lake halikuandikwa popote.

Wala haikuwa bahati mbaya tu. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika, na sheria ya mwaka 1834 ikaongeza marufuku ya kumfundisha kusoma. Abby Fisher alikuwa mtoto mdogo sheria hiyo ya pili ilipopitishwa. Mtu akimcheka kwa kuwa hakujua kalamu, na aulize kwanza ni nani aliyeificha.

Kitabu chake kina alama za njia ile ya kuandikwa. Kuna chakula cha mahindi na maharagwe kiitwacho succotash, jina lililotoka katika lugha za wenyeji wa pwani ya mashariki ya Marekani. Waandishi wake hawakulishika vema kwa masikio, wakaliandika Circuit Hash, maneno yasiyohusiana na mahindi hata kidogo. Wengine husoma na kucheka. Mimi naona kwamba hapo sauti yake yasikika waziwazi kuliko mahali pengine popote: mwanamke akitamka jina alilolizoea tangu utoto, na watu wa mbali naye wakijitahidi kulinasa.

Kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu Abby Fisher kuwa wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi kutoa kitabu kizima cha mapishi. Baadaye kikapatikana kingine, kilichopigwa chapa mwaka 1866 katika mji mdogo wa Paw Paw, Michigan. Mwenyewe aliitwa Malinda Russell, mwanamke huru wa Tennessee aliyekuwa na duka la keki na maandazi. Katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe wanyang'anyi walimpora fedha zake, akakimbia kwao. Naye aliandika kitabu apate nauli ya kurudi. Hakusahau kumtaja mpishi mweusi wa Virginia aliyemfundisha kazi, Fanny Steward. Nakala moja tu ya kitabu hicho ndiyo ijulikanayo, nayo imehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Michigan. Laiti karatasi hizo chache zingaliangukia motoni, majina yote mawili yangalipotea.

Tangu siku hizo tunda na unga vyote vimebadilika. Mwaka 1856 Eben Horsford alipata hataza ya unga wa kuumulia, ambao ukilowa na kupata joto hutoa hewa ya kuufanya mkate uvimbe bila kungoja hamira. Basi ganda zito la zamani likaanza kuachia nafasi madonge mepesi yanayodondoshwa juu ya matunda. Katika miaka ya 1870, Samuel Rumph wa Marshallville, Georgia, alipata pichi kubwa la manjano, akaliita Elberta kwa jina la mkewe. Kokwa lake hubanduka kwa urahisi, na nyama yake yastahimili safari; likapelekwa kwa reli, katika barafu, mpaka New York. Georgia ikaitwa Jimbo la Pichi, na sifa hiyo haijaondoka, ingawa California huvuna mengi zaidi.

Atakaye kuipika leo kwa matunda mabichi achague mapichi manane yaliyoiva bila kuwa teketeke. Ayatumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha katika maji baridi; ganda litavuka lenyewe. Akate vipande, atie nusu kikombe cha sukari, maji ya ndimu, mdalasini kidogo, na kijiko kimoja cha wanga, maana wanga ukipata moto huvimba na kuyafanya maji ya matunda yawe mazito. Kando, asugue siagi katika kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano wenye unga wa kuumulia, chumvi na sukari kidogo, alainishe kwa maziwa bila kukanda sana, kwani ukikandwa sana huwa mgumu. Adondoshe madonge juu ya matunda, aache nafasi mvuke upate kutoka. Katika tanuri lenye joto la sentigredi 190 itaiva kwa dakika 40 au 45. Asiye na tanuri na apalie. Ikiisha kuepuliwa, ngojeni robo saa kabla ya kupakua, maji yapate kushikana.